Kerezo la Kijana Anayeunda Fito za Kuvulia

Mama mmoja wa Mtwapa alinijia juma lililopita na swali ambalo ukurasa huu haujapata kulijibu. Mwanawe hukarabati fito za kuvulia za mashua zinazowachukua wageni kutafuta sulisuli na nguru, na kazi hiyo imeanza kumpa riziki. Sasa kijana anataka kerezo, ile mashine inayozungusha mti ili uchongeke duara, naye mama ameombwa aitoe zamu yake yote ya chama. "Dada yangu," akaniambia, "cherehani nitaichagua hata gizani. Mashine hii siijui kichwa wala miguu."

Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa nami nina kidonda cha zamani. Nyumbani kwetu tuliwahi kununua kerezo kuukuu, chuma kitupu, zito hata likabebwa na wanaume wanne. Tulifurahia uzito ule. Tulipolifikisha ndipo fundi wa umeme akatuonyesha kwamba mota yake ni ya fezi tatu, na nyumba yetu, kama nyumba nyingi, ina fezi moja tu. Muuzaji alikataa kulipokea. Likakaa ghalani miaka minne, kuku wakitagia chini yake.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuuliza bei, soma kibati kilichobandikwa kwenye mota. Kiwe cha fezi moja, volti 220 hadi 240. Mashine kuukuu zitokazo Marekani huenda zikawa za volti 110 au 120, nazo zitakudai transfoma. Kisha omba iwashwe mbele yako, uizime, uiwashe tena, usikilize. Mlio wa kusaga ndani ya kichwa cha mashine ni beringi zilizochoka.

Lakini je, kijana huyu anahitaji kerezo sasa? Nilimwuliza mama mwanawe huunda fito ngapi kwa mwezi. Mbili, akasema, au tatu wakati wa kusi kali, mashua zinapopandishwa pwani kutengenezwa. Kwa kazi ya kiasi hicho, waundaji wengi huanza kwa kekee ya umeme iliyokazwa vyema mezani, ikizungusha mpini huku upande wa pili ukishikiliwa na kipande cha mti chenye beringi. Hufanya kazi ya kizibo na ya sponji ngumu bila taabu. Mti mgumu kama mvule ndio unaoishinda, na hapo ndipo kerezo linapostahili fedha yake.

Akiamua kununua, jambo la kutazama ni urefu. Wauzaji hupenda kusifu upana, yaani unene wa gogo linaloweza kuzunguka bila kugusa kitanda cha mashine. Huo ni wa watu wa mabakuli. Mpini wa ufito ni nadra kuzidi inchi 2, kwa hiyo upana usiulipie hata senti. Pima nafasi iliyo baina ya vichwa viwili vya mashine. Makerezo madogo ya mezani huwa na inchi 16 au 18 hivi, na mpini mrefu wa ufito wa kurushia kutoka ufukweni huzidi hapo. Chagua lile ambalo kitanda chake chaweza kuungwa kipande cha kurefushia.

Wengine hutaraji kupitisha ufito wenyewe ndani ya kichwa cha mashine na kuchonga mpini ukiwa umekwisha gundishwa. Katika makerezo mengi madogo tundu hilo lina milimita 9 au 10 tu, na shina la ufito wa baharini halipiti. Mpini huchongwa peke yake, kisha tundu lake hupanuliwa kwa tupa ya mviringo hadi ukae barabara juu ya ufito.

Vifaa vya ziada ndivyo vinavyomaliza fedha kimyakimya. Cha kwanza ni ncha ya nyuma inayozunguka kwa beringi, maana ile isiyozunguka huunguza mti. Cha pili ni chuma cha kupitishia vizibo. Pete za kizibo, ambazo asili yake ni gome la mti wa Ureno na nchi jirani zake, aghalabu huuzwa na tundu la robo inchi, basi chuma nacho kiwe cha robo inchi. Kisuguliwe mshumaa kabla ya kuunganisha pete, gundi isije ikakishika daima. Tena msasa, kuanzia namba 80 hadi 400, kwani kizibo huundwa kwa msasa zaidi kuliko patasi, na kwa mwendo wa pole. Bobari mbili nzuri zinatosha kwa mti. Ile chaki ya meno manne, yenye bei ya kutisha, na ingoje. Siku ya kuinunua, hesabu kwanza hesi za mashine yako, kwani hazifanani zote.

Kijana alidhani pia kwamba kerezo litamzungushia ufito wakati epoksi inapokauka juu ya nyuzi za vipete. Halifai. Hata mwendo wake wa chini kabisa ungeirusha epoksi ukutani. Kazi hiyo yataka mizunguko kama 10 kwa dakika, na mota ndogo ya kuzungushia nyama ya kuchoma, au ya sahani ya maikrowevu, huitimiza kwa gharama hafifu.

Nanyi akina mama mnaopita karibu na mashine hiyo, au mnaoitumia wenyewe, leso, mtandio na mikono mipana ya buibui visiikaribie. Mkufu uvuliwe, nywele zifungwe, na glavu zisivaliwe kabisa, maana zikinaswa huvuta mkono mzima. Vumbi la mvule huwasha macho na kifua. Mashine isiwekwe chumba analolala mtoto. Na kwa kuwa hewa yetu ina chumvi, kitanda cha chuma kipanguswe kila jioni kwa mafuta yaleyale ya cherehani, kisha kifunikwe.

Mama wa Mtwapa amekubaliana na mwanawe. Kwa zamu hii atamnunulia kekee, beringi na pete za kizibo, na kiasi kilichobaki ataendelea kukishika yeye. Kijana akiunda fito kumi na kulipwa zote, watakwenda pamoja kutazama kerezo, naye mama amesema kibati cha mota atakisoma mwenyewe.