Anayeanza otokrosi anunue mpira kabla ya rimu

Tangu Safari Rally iliporejea kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya miaka 19 nje ya ratiba, vumbi lake huko Naivasha limewatia wengi hamu ya kushika usukani. Rali yenyewe ni ghali mno kwa mtu wa kawaida. Mlango ulio wazi ni otokrosi: uwanja wa udongo uliowekewa njia yenye kona nyingi, gari linashindana na saa, na dereva anamaliza mzunguko kabla injini haijapata moto sawasawa. Anayetaka kuanza hutafuta gari la mtumba, Subaru Impreza au Toyota iliyokwisha kula miaka yake, halafu fedha inayobaki inakimbilia kwenye spoti rimu za inchi 17 au 18, kwa sababu gari lenye rimu kubwa linaonekana la mashindano hata likiwa limesimama. Hapo ndipo bajeti inapopinda. Katika mwaka wa kwanza fedha hiyo ingepaswa kwenda kwenye mpira, na rimu iwe ndogo kadiri breki za gari zitakavyoruhusu.

Ushahidi wa kwanza umeandikwa ubavuni mwa kila tairi. Chukua 195/65R15, saizi iliyozoeleka kwenye Toyota nyingi zinazopita barabarani kwetu. Hiyo 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, yaani karibu milimita 127. Na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, unapata gurudumu lenye kimo cha milimita 634 hivi. Sasa liweke kando yake 225/40R18, tairi la yule anayetaka gari lionekane. Ubavu wake ni milimita 90, na gurudumu zima ni milimita 637. Kimo ni kilekile, tofauti haifiki unene wa kidole. Kilichobadilika ni mgawanyo wake: kila upande zimeondolewa milimita 37 za mpira na kuwekwa madini. Kwenye lami laini huenda usijali. Kwenye uwanja wa udongo uliokwisha kuchimbwa na magari 20 yaliyotangulia, huku mawe yakiwa yameanza kutoa vichwa kwenye kona, zile milimita 37 ndizo zinazotenganisha jiwe na rimu yako.

Wanaolipwa kwa kazi hii walishaamua zamani. Magari ya daraja la juu katika ubingwa wa dunia wa rali yakiwa kwenye changarawe, Naivasha ikiwamo, huvaa rimu za inchi 15 na matairi ya 205/65. Magari hayohayo yakienda kukimbia kwenye lami hubadilishwa kuwa na rimu za inchi 18 na matairi ya 235/40. Timu hizo hazibanwi na bei ya rimu. Zinavaa 15 kwa sababu udongo unataka ubavu mrefu wa kunywea vishindo, na unataka tairi jembamba. Hili la wembamba huwashangaza wengi, maana tumezoea kudhani tairi pana hushika zaidi popote. Kwenye udongo uliolegea, tairi pana huelea juu ya vumbi na kokoto, ilhali tairi jembamba hukata tabaka hilo na kufikia ardhi ngumu iliyo chini, na ardhi ngumu ndiyo inayoweza kulizuia gari lisiende nje ya kona. Tofauti ya milimita 30 kati ya 205 na 235 imetokana na sababu hiyo hasa. Basi anayeanza, akinunua 225 kwa ajili ya uwanja wa vumbi, amelipa zaidi ili ashike kidogo.

Kuna pia suala la uzito, na hili halionekani kwa macho. Kilo moja iliyo ukingoni mwa gurudumu huhesabika karibu kilo mbili wakati injini inalisukuma gari, kwa kuwa inabidi isogezwe mbele na kuzungushwa kwa wakati mmoja. Rimu kubwa ya bei nafuu mara nyingi ni nzito, na uzito wake uko mbali na kitovu, pale panapoumiza zaidi. Otokrosi ni mchezo wa kufunga breki, kukata kona na kuondoka tena, mara nyingi ndani ya mzunguko mmoja, kwa hiyo adhabu ya uzito huo hulipwa kwenye kila kona. Shokomzoba nayo huhangaika kulirudisha gurudumu zito ardhini baada ya kila tuta, na gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Hata ajali ndogo zina hesabu yake. Rimu ya chuma ya kawaida ikigonga jiwe hupinda, na fundi anaweza kuinyoosha ukamalizia siku yako. Rimu ya aloi ya kumiminwa, hasa ya kuiga isiyo na jina la aliyeitengeneza, inaweza kupasuka, na hapo huna la kunyoosha.

Wapo watakaouliza mbona Marekani watu wa otokrosi wanavaa rimu kubwa na matairi ya ubavu mfupi. Ni kweli, na sababu yake ni lami. Huko Marekani, klabu kubwa ya mchezo huu, SCCA, huendesha mashindano yake kwenye viwanja vya lami na maegesho mapana, njia ikiwa imechorwa kwa koni za plastiki. Lami haina vumbi la kukata wala mawe ya kunywea. Ubavu mfupi haulegalegi sana, kwa hiyo gari huitikia usukani upesi, na mpira mpana hupata pa kushika. Lakini hata huko, angalia kanuni zao za madaraja ya magari ya kawaida: tairi lazima liwe na namba ya uchakavu isiyopungua 200, na upana wa rimu ubaki uleule gari lililotoka nao kiwandani. Namba hiyo imechorwa ubavuni mwa tairi. Ikiwa ndogo, mpira ni laini, unashika sana na kwisha upesi. Maana yake ni kwamba wenzetu wenye lami na fedha waliona hatari ya mchezo kugeuka mashindano ya kununua matairi, wakaweka mpaka. Anayeiga rimu zao bila kuangalia uwanja wao wala kanuni zao ameiga picha tu.

Pingamizi la breki lina uzito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Impreza ya aina ya STI yenye kalipa kubwa za Brembo haikubali rimu ya inchi 15. Kwa kawaida inahitaji 17. Mwenye gari hilo hana budi kuvaa 17, na asipande hata inchi moja zaidi ya hapo. Ila hoja hii inawahusu wachache. Impreza ya kawaida isiyo na turbo na Toyota ndogo nyingi huingia kwenye 15 bila taabu, na baadhi ya gari ndogo hutembea na 14 tangu kiwandani. Mwenye gari kama hilo akijitetea kwa breki, anatafuta kisingizio.

Wengine watauliza: kama mpira ndio muhimu, kwa nini mgeni asinunue moja kwa moja matairi ya rali? Jibu langu ni kwamba anunue matairi mema ya barabarani kwanza, ayamalize, halafu ndipo afikirie ya rali. Tairi la barabarani huanza kuteleza kwenye mwendo mdogo, na hulegea polepole. Dereva anaisikia nyuma ya gari ikianza kuchepuka, anapata muda wa kuachia mafuta kidogo na kurudisha usukani, kisha anajaribu tena kwenye mzunguko unaofuata. Tairi lenye kushika sana huficha kosa hilo mpaka gari liwe na kasi kubwa, kisha huliachia wakati ambao asiye na uzoefu hana tena nafasi ya kusahihisha. Tena, tairi linaloshika sana huhamishia nguvu yote kwenye shafti, giaboksi na mikono ya chini ya gari ambavyo vimekwisha kutumika miaka mingi. Kuna wanaodai kwamba hiyo ni kulipa mara mbili, bora kununua kilicho bora tangu mwanzo. Lakini matairi ya kwanza ya mgeni yatakwisha vibaya kwa vyovyote vile, kwa sababu hajajua kufunga breki bila kulikwamisha gurudumu. Ni afadhali ajifunze hilo akiwa na mpira wa bei ya kawaida. Msimu wa pili, tairi la rali lililotumika kidogo linaweza kuwa biashara nzuri, mradi ubavu uwe hauna mipasuko na mpira ubonyee kwa kucha. Ukiwa mgumu kama kwato, umekwisha pikwa na joto, liache.

Na tairi jema la barabarani ni lipi? Kabla ya jina la kampuni, tazama tarehe. Ubavuni kuna msimbo unaoanza na herufi DOT, nao huishia kwa tarakimu 4 za tarehe: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno marefu kama jipya na huku mpira umekauka kwa miaka ya kukaa ghalani, na meno hayo hayatakusaidia. Upepo nao ni nusu ya tairi. Wengi husikia kwamba kwenye udongo hupunguzwa, wakapunguza mno, na tairi likang'oka kwenye rimu katikati ya kona au likabanwa kati ya jiwe na rimu hadi kupasuka. Anza na upepo ulioelekezwa na mtengenezaji wa gari, kisha badilisha kidogo kidogo ukiandika kila unachofanya. Kwenye lami kuna njia rahisi: chora mstari wa chaki kuanzia kwenye meno hadi ubavuni, endesha mzunguko mmoja, kisha tazama chaki imefutika hadi wapi. Ikifutika mpaka ubavuni, tairi linalala mno, ongeza upepo. Ikibaki hata kwenye meno ya pembeni, umezidisha. Kipimo cha upepo na kipande cha chaki vitakufundisha gari lako kuliko rimu yoyote.

Mahali ambapo nisingetaka mtu yeyote abahatishe ni kwenye kufunga rimu ya gari jingine. Ukienda Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au Kariakoo jijini Dar es Salaam, utaambiwa rimu ya Subaru inaingia kwenye Toyota, kwa kuwa zote zina matundu matano kwenye duara la milimita 100. Kwa magari mengi ni kweli inaingia. Lakini tundu la katikati la Subaru ni milimita 56.1, na kitovu cha Toyota hizo ni milimita 54.1; bila pete ya kuziba milimita hizo mbili, rimu haikai katikati na usukani utatetemeka. Hilo si kubwa sana. Kubwa ni nati. Boliti za Toyota zina uzi wa milimita 1.5, za Subaru milimita 1.25, na unene wake ni uleule wa milimita 12. Nati ya moja huanza kuingia kwenye boliti ya nyingine, hata ikakaza, huku ikila uzi. Gurudumu litafungika nyumbani, na litalegea uwanjani. Basi zungusha kila nati kwa vidole kwanza. Ikigoma baada ya mizunguko miwili, itoe, usiitie spana. Angalia pia uso wa nati, kwani nyingine zimechongwa kama pia na nyingine ni bapa, na rimu hukubali aina moja tu. Baada ya mzunguko wa kwanza, kaza tena zote.

Kwa hiyo kabla hujatoa fedha, fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo yake kwa kawaida kuna kibandiko chenye saizi ya tairi na upepo wake. Hata kama kimeandikwa Kijapani, tarakimu zinasomeka, na 220 kPa ni sawa na 32 za kipimo cha gereji, yaani psi. Tafuta rimu nne za saizi hiyo, au ndogo zaidi kama breki zinaruhusu, ziwe mbali na zile unazoendea kazini. Zivishe matairi mapya ya barabarani, ongeza tairi moja la akiba, kisha uende uwanjani. Fedha iliyobaki ilipie ada za kushiriki, kwa sababu mizunguko utakayoendesha ndiyo itakayopunguza muda wako.