Kipofu yule yule, sura mbili

Wandugu, watazamaji wa sinema Don't Breathe wamegawanyika, na sisi tunasema wazi tuko upande gani. Katika filimu ya kwanza, ya mwaka 2016, wezi watatu wanaingia kwa askari mzee kipofu, kule Detroit, Marekani. Kumbe amemfungia mwanamke chini ya nyumba. Tulimwogopa, na ilikuwa haki. Ya pili, ya 2021, inamfanya baba anayempigania binti aliyemlea. Wengine wanaisifu: mapigano makali, tena mtu anaweza kutubu. Vema. Lakini yule mwanamke je, nani amemlilia? Stephen Lang anacheza vizuri mara zote mbili, hatukatai. Ila kumwita mtesaji shujaa kwa sababu tu wamekuja watu wabaya kumpita, hapana, hatupigi makofi.