Kalamu au Simu?

Safari hii tunajibu barua ya mwenzetu mmoja wa Isongole, wilayani Ileje, kule mpakani na Malawi. Ameandika kurasa tatu, nasi tumezisoma zaidi ya mara moja. Mwanawe yuko darasa la tatu. Akishika simu ya baba yake huandika ujumbe upesi kumshinda mama mwenyewe, lakini shuleni hamalizi kunakili yaliyo ubaoni. Mwalimu anafuta, naye bado yuko mstari wa pili. Baba mtu anasema mtoto asisumbuliwe, kazi za siku hizi zote ni za kompyuta, na hata Ufini wameacha kufundisha mwandiko. Mama anauliza: je, amwache?

La, mama, usimwache.

Habari hiyo ya Ufini imesambaa vibaya. Kilichotokea ni kwamba tangu mwaka 2016 shule za huko hazilazimiki tena kufundisha mwandiko wa kuunganisha herufi, na kibodi imepewa nafasi zaidi. Herufi za kuachana watoto bado huziandika kwa mkono. Mwambie shemeji yetu taratibu, baada ya chakula.

Kuhusu mtoto mwenyewe, hatudhani kwamba ni mvivu. Mtoto ambaye mkono wake haujazoea hutazama ubaoni, huchukua herufi moja, huinama kuichora, kisha huinua kichwa kutafuta ya pili. Akili yote inaishia kwenye umbo la herufi. Ya maana ya sentensi hana nafasi nayo. Mkono ukishazoea, herufi hujiandika zenyewe naye hubaki na kazi ya kufikiri.

Tena kuandika kwa mkono husaidia kusoma. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha uchunguzi wa watoto wa miaka mitano ambao hawajajua kusoma. Herufi nyingine waliziandika wenyewe, nyingine walizifuatisha juu ya alama, nyingine walizibonyeza kwenye kibodi. Walipopigwa picha za ubongo wakizitazama, zile walizoandika wenyewe ndizo zilizoamsha zaidi sehemu za ubongo zinazotumika kusoma. Kubonyeza kitufe ni tendo lile lile kwa A na kwa M; kalamu ndiyo inayomlazimisha mtoto kujua tofauti.

Na huo ujumbe wa simu, hebu uutazame vizuri. Je, anaandika "sijui" au "cjui"? "Watu" au "w2"? Simu iliyowekwa Kiingereza nayo hugeuza maneno yetu kuwa yake. Mwakani mwanao atafanya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na huko majibu yanaandikwa kwa mkono.

Basi fanya hivi. Dakika kumi kila jioni zatosha, mezani, miguu ikigusa chini, si kitandani. Penseli ishikwe kwa kidole gumba na cha shahada, ikilala juu ya cha kati. Mwanzoni tumia mistari mipana. Kama anatumia mkono wa kushoto, mwache autumie, ila lipindishe daftari kuelekea kulia ili aone anachoandika. Kupukuchua mahindi na kuchambua maharage pia huimarisha vidole, na kazi hizo Ileje hazikosekani! Asinakili tu maneno matupu. Umetuambia unauza maharage gulioni: mpe daftari la mauzo, aandike nani amechukua debe na nani bado anadaiwa. Akikosea utapata hasara, kwa hiyo atajitahidi, nawe utamsimamia.

Kibodi tusiidharau. Baadhi yetu tulisomea uhazili enzi za mashine za taipu, na tulikula kwa vidole hivyo. Lakini tulifundishwa: mkono wa kushoto juu ya A, S, D, F, wa kulia juu ya J, K, L, macho yasitazame chini. Anachofanya mtoto kwa vidole gumba viwili kwenye simu si taaluma hiyo. Kwa maoni yetu, darasa la tano hivi, mkono ukiwa umeshakomaa, ndio wakati wa kumwanzisha, kama kuna kompyuta shuleni au kwa jamaa. Atajifunza haraka, maana tahajia atakuwa nayo tayari.

Ombi letu moja, mama. Barua ijayo asiandike mama, aandike yeye, kwa mkono wake. Atueleze mambo ya gulio la Isongole na bei ya maharage. Mistari ikipanda milima kama ya Ileje, hatutasahihisha; tutamjibu.