UKURASA WA NYUMBANI: Blanketi la Vipande kwa Binti wa Bweni



Mama mmoja wa Bagara, hapa Babati mjini, alikuja kwangu na mfuko wa salfeti. Mfuko ulijaa nguo kuukuu. Nyuma yake alikuja binti yake wa miaka 14. Binti huyo amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari. Shule yake ni ya bweni, huko juu upande wa Mbulu. Wewe unajua baridi ya huko. Sisi wa Babati, chini ya mlima Kwaraa, tunajikunyata mwezi wa Juni na Julai. Wenzetu wa Mbulu wanatucheka.

Karatasi ya shule inasema kila mwanafunzi aje na blanketi zito. Mama alikuwa amekwisha nunua godoro, ndoo, sare, viatu na madaftari. Fedha ilikwisha. Akaniambia, "Dada, nataka nimshonee blanketi kwa nguo hizi. Lakini mwenyewe hataki. Anasema wenzake watamwita mtoto wa viraka."

Binti aliniamkia. Kisha akatazama chini.

Neno la mtoto huyu si la kupuuza. Bweni lina wasichana wengi, na macho yao ni makali. Ukimshonea blanketi ovyo ovyo, wataona viraka. Atalikunja, alifiche chini ya godoro, alale na baridi. Kazi yako yote itakuwa bure. Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze juu ya kuchagua vitambaa na kupanga vipande.

Kwanza nilimwambia binti jambo moja. Kiraka huziba tundu. Kipande cha blanketi hukatwa kwa kipimo, na hukaa mahali kilipopangiwa. Kazi hii inaheshimiwa duniani. Huko Marekani, katika jimbo la Alabama, kuna mahali paitwapo Gee's Bend. Wanawake weusi wa hapo walishona mablanketi ya vipande kutokana na nguo za kazi za shamba, kwa sababu nyumba zao zilikuwa na baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa ukutani katika jumba la makumbusho la mji wa Houston. Watu walikwenda kuyatazama.

Tena wako ndugu zetu wa mbali, Wasiddi wa India. Wengine wao wanaishi katika jimbo la Karnataka. Mababu zao walitoka Afrika, wengi wakiwa watumwa waliovushwa bahari. Wanawake wao hushona mablanketi ya vipande vya nguo kuukuu. Huyaita kawandi. Huanza kushona pembeni, huzunguka mpaka katikati. Kwenye pembe nne huweka vipande vidogo vilivyokunjwa kama maua. Bila maua hayo, wao huona blanketi liko uchi.

Binti aliuliza, "Hata sisi tunaweza kuweka maua hayo?" Hapo nikajua tunaweza kuanza kazi.

SOMA KARATASI YA SHULE KWANZA

Usikate kitu kabla ya kusoma maelekezo ya shule. Shule nyingi hutaja rangi ya shuka na blanketi. Shule ya binti huyu ilitaka blanketi la bluu. Je, blanketi la vipande litakubaliwa? Dawa yake ni hii. Blanketi lina pande mbili. Upande wa chini uwe kitambaa kimoja cha rangi inayotakiwa. Siku ya ukaguzi atageuza upande huo juu. Siku nyingine atageuza vipande juu. Hata hivyo, mwulize mwalimu mapema. Kuuliza hakuna gharama.

KUCHAGUA VITAMBAA

Tulimwaga mfuko juu ya mkeka. Ulikuwa na khanga mbili za njano, shuka kuukuu la rangi ya maziwa, kaniki, gauni la nailoni, suruali ya jinsi, na kitenge kimoja cha bluu.

Gauni la nailoni tuliliweka kando mara moja. Nailoni huteleza chini ya sindano. Pasi ya mkaa huiyeyusha. Ikishika moto hugandia ngozi ya mtu. Kama hujui kitambaa ni cha namna gani, chomoa nyuzi chache. Zishike kwa koleo, uziwashe nje ya nyumba. Pamba huwaka kama karatasi, hubakiza jivu laini. Nailoni huyeyuka, hubakiza kidonge kigumu.

Suruali ya jinsi nayo tuliiweka kando. Jinsi ni pamba, lakini ni nzito. Ukiishona pamoja na khanga, jinsi itavuta, na khanga itachanika kwenye mshono. Vitambaa vya blanketi moja viwe na uzito unaokaribiana. Ukiwa na jinsi nyingi, shona blanketi la jinsi tupu.

Halafu shika kila kitambaa, ukitazame kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona mwanga unapita kama kwenye chujio, kitambaa kimechakaa. Usikitumie sehemu hiyo, hata kama ua lake ni zuri.

Sasa rangi. Hapa mama na binti walitaka kugombana. Mama alichukua kitambaa chenye picha za wanasesere, akasema kinafaa kwa mtoto. Binti alinuna. Mimi nilikuwa upande wa binti. Blanketi hili litakaa naye miaka minne. Ana miaka 14 leo. Atatoka shuleni ana 17 au 18. Msichana wa kidato cha nne hataki kujifunika wanasesere. Mwache achague rangi mwenyewe, ila zisizidi tatu. Rangi tatu hupatana. Rangi saba huleta fujo, na hapo ndipo watu wanaona viraka.

Binti alichagua bluu, njano na rangi ya maziwa. Alitaka maziwa iwe nyingi. Nilimkumbusha kwamba yeye ndiye atakayefua. Tukakubaliana rangi hiyo ikae kwenye vipande vidogo tu.

Neno moja juu ya khanga. Khanga ina maneno. Mengine ni ya upendo, lakini mengine wanawake huyanunua kwa ajili ya kumjibu jirani. Soma kwanza. Usimpelekee mwanao ugomvi wako kitandani.

KITENGE CHA BIBI

Kilibaki kile kitenge cha bluu. Binti alikishika, akasema, "Hiki." Mama akakichukua mkononi mwake. Kilikuwa cha marehemu mama yake. "Hicho hakikatwi," alisema.

Binti alijibu pole pole, "Sasa mama, mbona ulikitia kwenye mfuko?"

Mama hakujibu. Mimi nami nilinyamaza, maana hayakuwa yangu. Baadaye alikikunjua, akakitazama kwenye mwanga. Katikati kilikuwa kimechakaa, lakini pande zake bado zilikuwa imara. Nilimwambia ukweli: sandukuni kitaliwa na mende, na kwa kuvaliwa hakifai tena. Lakini uamuzi ni wake. Alikaa nacho mapajani mpaka chai ikapoa. Kisha akaomba mkasi. Alikikata yeye mwenyewe.

FUA KABLA YA KUKATA

Hili nimejifunza kwa hasara. Blanketi langu la kwanza nilishona khanga nyekundu pamoja na shuka jeupe bila kufua kwanza. Siku ya kulifua, jeupe lote likawa la waridi. Nililia.

Kwa hiyo fua kila rangi peke yake. Kisha chukua kitambaa cheupe kilicholowa, kikandamize juu ya nguo. Kikipata rangi, fua tena. Kaniki ile tuliifua mara tatu ndipo ikaacha kutoa rangi. Kitambaa kipya cha pamba nacho hurudi kikifuliwa. Ukikishona kabla ya kurudi, blanketi litajikunja baada ya kufuliwa.

KUPANGA VIPANDE

Binti alitaka nyota. Nilimkatalia, na bado naona nilifanya sawa. Nyota hushonwa kwa pembetatu. Pembetatu hukatwa mshazari, na kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika kama mpira. Kwa anayejifunza, pembe hazitakutana. Anza na miraba. Nyota ingoje blanketi la pili.

Tulitumia mraba wa futi moja, yaani inchi 12. Kitanda cha bweni mara nyingi ni futi 2 na nusu kwa futi 6. Blanketi linatakiwa lining'inie pande zote. Kwa hiyo tulipanga miraba 5 kwa upana na 7 kwa urefu. Zidisha: 5 mara 7 ni 35.

Katika miraba hiyo 35, miraba 17 ni ya kitambaa kizima. Miraba 18 ni ya vipande tisa tisa. Panga kama ubao wa drafti. Anza pembeni na mraba wa vipande tisa, fuatisha mzima, kisha wa vipande tisa, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mstari wa pili anza na mzima. Ukifanya hivyo, pembe zote nne zitakuwa na mraba wa vipande tisa.

Mraba mzima kata inchi 13 kila upande. Nusu inchi kila upande italiwa na mshono. Kitenge cha bibi kilitoa miraba 8. Kaniki ilitoa 9. Jumla 17.

Vipande vidogo kata inchi 5 kila upande. Kila mraba una vipande 5 vya njano: pembe nne na katikati. Una vipande 4 vya rangi ya maziwa. Kwa miraba 18, njano ni vipande 90 na maziwa ni vipande 72. Vihesabu kabla ya kuanza kushona. Khanga moja nzima, ikiwa imara yote, hutoa karibu vipande 88. Ndiyo maana tulihitaji mbili.

Kata kiolezo cha boksi gumu, ndipo uchore kwa chaki. Usikate kwa kukisia. Fuata uzi wa kitambaa. Kosa la nusu inchi katika kila kipande, ukilizidisha mara vipande vyote, blanketi litapinda kama barabara ya mlimani.

Kabla ya kushona, tandaza yote chini. Simama mbali, ufumbe macho nusu. Panapokuwa na giza sana upande mmoja, hamisha. Binti huyu alihamisha miraba ya kitenge cha bibi mpaka yote ikawa sehemu ya juu, karibu na kichwa. Hakusema kwa nini.

KUUNGANISHA

Unaweza kushona kwa cherehani au kwa mkono. Shona mstari kwa mstari, kisha unganisha mistari. Piga pasi kila mshono.

Katikati weka blanketi kuukuu. Lifue, lianike juani siku mbili, lichunguze kunguni. Mabaka yake hayataonekana. Chini weka kitambaa cha rangi moja. Mama alinunua yadi 5 za pamba ya bluu yenye upana wa inchi 45. Alizikata vipande viwili vya futi 7 na nusu, akaviunganisha ubavuni. Hicho tu na uzi ndivyo alivyonunua. Marekani nzito pia inafaa, kama unaweza kuipaka rangi. Kitambaa hicho kilipata jina lake katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Marekani walipokileta Zanzibar.

Kitambaa cha chini kizidi inchi 2 kila upande. Kikunje juu, ukishone kuwa pindo. Kisha funga mafundo ya uzi mnene wa pamba, yapenye matabaka yote matatu. Funga kila miraba minne inapokutana, na katikati ya kila mraba. Jumla ni mafundo 59. Kama ndani umetia pamba mbichi badala ya blanketi, mafundo yakaribiane, inchi 4 tu. La sivyo pamba itahama, ijikusanye upande mmoja.

Niseme pia jambo ambalo wengine hawatakuambia. Kama huna nguo kuukuu nyumbani, na kila kipande utakinunua, usijisumbue. Blanketi la dukani au la mnadani litakuwa nafuu.

Kazi ilichukua wiki tatu, jioni kwa jioni. Kwenye pembe nne binti alishona maua yake ya Kisiddi kwa khanga ya njano. Jina lake alilidarizi upande wa chini, herufi ndogo, karibu na pindo. Mama aliokota mabaki ya kitenge, akayakunja, akayarudisha sandukuni.

Vipande vya khanga vilivyobaki havikutupwa. Mwezi ujao tutashona mto.