Usiulaumu Ruvu Peke Yake: Maji Yetu Yanapotea Njiani

Ndugu mkulima wa mchicha, na wewe mama lishe wa Kipawa, leo naacha habari za mbolea. Nina ugomvi kuhusu maji.

Mgao ukija tunaulaumu mto Ruvu. Ni kweli, mwishoni mwa 2022 Ruvu ulipungua na jiji likaingia kwenye mgao. Lakini ripoti za EWURA zinaonyesha mamlaka za maji nchini zinapoteza zaidi ya theluthi ya maji zinayozalisha. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 20. Maji yameshatiwa dawa na kusukumwa kwa umeme, kisha yanaishia mtaroni, kwenye dira mbovu, au kwa aliyejiunganishia kinyemela.

Piga hesabu. Bomba linalomwaga ndoo moja ya lita 20 kwa dakika linapoteza ndoo 1,440 kwa siku.

Wapo wanaosema ramani ni mambo ya wasomi. Sikubali. Tangu 2015, kupitia Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walipita mtaa kwa mtaa wakichora mitaro na maeneo ya mafuriko. Mtaro umechorwa, bomba linashindikanaje?

Mamlaka nayo ifunge dira kubwa pale maji yanapoingilia kila eneo, ilinganishe na jumla ya dira za nyumba. Penye tofauti kubwa ndipo mafundi waanze. Matokeo yabandikwe ofisi ya mtaa tuyaone.

Wewe fanya hivi:

1. Simama penye mvujo, fungua ramani kwenye simu, bonyeza ulipo bila kuachia mpaka namba mbili zitokee. Kwetu ya kwanza huanza na -6.8, ya pili 39.2.
2. Tuma namba hizo na picha kwa mamlaka, umjulishe na mwenyekiti wa mtaa.
3. Andika tarehe. Wiki ikipita kimya, uliza tena.

"Nyuma ya duka la Mangi" humpoteza fundi. Namba humfikisha.

Najua baadhi yenu mnamwagilia kwa mvujo huo huo, ndiyo maana mmenyamaza. Nawaambia bila kificho: siku ya mgao, bomba likikosa msukumo, tundu hilo hilo huvuta uchafu wa mtaro. Maji yakirudi, uchafu huo unaingia kwenye ndoo ya jirani, na yako pia. Toa taarifa leo.