Msumeno wa Kijapani haukaushi mbao

Jamani, nimechoka kuambiwa kwamba mafundi wa Kitengela wanahitaji misumeno ya Kijapani. Mimi ni mwandishi wa programu, ugonjwa huu naujua: programu ikigoma, watu wanabadili lugha ya kompyuta.

Sibishi, zana zile ni nzuri. Msumeno wao hukata ukivutwa, ndiyo maana bapa lake laweza kuwa jembamba bila kupinda. Randa nayo huvutwa, na ikinolewa sawasawa huacha ubao unang'aa bila msasa wala vanishi. Lakini ubao gani? Msaipresi uliopasuliwa juzi mara nyingi una unyevu zaidi ya asilimia 30. Samani ya ndani inataka kama 12. Tengeneza meza kwa ubao huo, ipeleke Kajiado kwenye upepo mkavu, uone: inajikunja, viungo vinaachia. Analaumiwa fundi. (Mteja aliyetaka meza kufikia Jumamosi halaumiwi, bila shaka.)

Mbao hupangwa kivulini, vijiti katikati hewa ipite, zikasubiri miezi. Nani atamlipa fundi miezi hiyo? Mkishajibu, niagizieni na mimi randa moja.