Tovuti Nayo Ina Alifu Yake

Siku hizi hapana mtaa wa Mombasa, wala wa Malindi, wala wa Lamu, usiokuwa na kijana anayetaka kujifunza kutengeneza tovuti. Wengine wameiona riziki humo, na kutafuta riziki ya halali ni jambo la kusifiwa. Wengine wana mashairi ya babu zao yamelala kashani, nao wataka yasomwe na watu kabla mchwa hawajayamaliza. Na karibu wote huanza kwa suali moja: nitumie chombo gani? Ukumbi huu unaona suali hilo limetangulizwa mbele ya jingine lililostahili kwenda kwanza, nalo ni hili: je, herufi zake unazijua?

Sisi tuliopitia chuoni hatuhitaji kuelezwa sana. Mwalimu hakumpa mtoto msahafu siku ya kwanza. Alimpa ubao, akamtajia alifu, be, te. Kisha akamtia katika fataha, kasra na dhuma, kisha akamfundisha kuunganisha, ndipo kijana akaingia juzuu ya Amma. Aliyeziruka hatua hizo kwa kusoma nyuma ya wenziwe alijulikana baadaye. Mfunulie ukurasa alioukariri, atatiririka. Mfunulie asiouzoea, atanyamaza.

Basi tovuti nayo ina alifu yake. Mwingereza Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya fizikia ya CERN huko Geneva, alitoa rai yake mwaka 1989, na tovuti ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1991. Lugha aliyoitunga huitwa HTML, nayo si hesabu ngumu kama watu wadhanivyo. Ni maneno ya kawaida yaliyotiwa alama ndani ya mabano yenye pembe: hapa ni kichwa cha habari, hapa yaanza aya, hapa ni kiungo cha kwendea ukurasa mwingine. Aliyesoma kwa irabu za Kiarabu hatashangaa. Herufi ni zile zile. Alama ndizo zimwambiazo msomaji namna ya kuzichukua. Tafauti ni kwamba msomaji wa alama hizi ni kivinjari, kisha yeye ndiye amwonyeshaye binadamu ukurasa uliokamilika.

Baada ya HTML huja CSS, ambayo ni mavazi: rangi, ukubwa wa herufi, upana wa pambizo. Håkon Wium Lie wa Norway aliipendekeza mwaka 1994, ikawa kanuni rasmi mwaka 1996. Ya tatu ni JavaScript, iliyozuka mwaka 1995, ambayo huutia ukurasa harakati. Hiyo mwanafunzi aiache kwanza. Nimewaona vijana wakiikimbilia kwa kupenda vitu vinavyochezacheza, ilhali aya zao hazijapangika.

Na zana za kujifunzia ni duni kwa bei. Yatosha programu ya kuandikia maandishi matupu, kama ile Notepad iliyomo katika kompyuta za Windows, pamoja na kivinjari chochote. Waandika, wahifadhi faili kwa jina linaloishia kwa nukta na html, kisha walifungua. Hapo hata intaneti haihitajiki. Masomo yenyewe yapatikana bure katika W3Schools, katika MDN ya Mozilla na katika freeCodeCamp. Mengi yake ni kwa Kiingereza, na hilo ni dai letu sisi wenye Kiswahili, lakini kijana aliyemaliza kidato cha nne atayamudu, kamusi ikiwa karibu. Kwa hiyo yule amtozaye kijana maelfu ya shilingi ili amwonyeshe kwa wiki mbili namna ya kuburura picha kutoka hapa kuziweka pale, huyo hajamfundisha kitu.

Haya yote twayasema kwa sababu iliyo karibu na nyoyo za wasomaji wa ukurasa huu. Chukua shairi la kawaida, mizani kumi na sita katika mshororo, kina cha kati na kina cha mwisho. Linakili ulibandike katika ukurasa wa HTML bila alama. Utastaajabu: kivinjari hakijali kwamba ulishuka mstari. Beti zote hukunjwa zikawa aya moja ndefu kama barua ya madai, na vina vyote hupotea machoni. Alama moja tu ya kukata mstari, au amri moja ya CSS ya kuhifadhi mikato uliyoiweka mwenyewe, hulirudisha shairi katika umbo lake. Ama tatizo la pili ni la simu. Kioo ni chembamba, mshororo hauenei, basi hukatwa popote palipotokea, pengine neno moja kabla ya kina. Ajuaye CSS huamrisha kwamba kioo kikiwa chembamba, mshororo ukatike katikati, baada ya mizani ya nane, ili ukwapi na utao vikae kimoja chini ya mwenziwe. Asiyejua hubakia na alichopewa.

Wazee wetu hawakulipuuza jambo hili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mnakili na mchonga mbao, na mkono wake wa kalamu ulitafutwa na wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Miswada aliyowanakilia ingaliko leo, mingine ikiwa London katika chuo cha SOAS. Katika miswada ya tenzi utaona ubeti umenyooshwa na vipande vyake vimetengwa kwa alama, ili jicho lipumue pale sauti ipumuapo. Huo ulikuwa usanifu wa ukurasa, kabla ya neno hilo kuvuma.

Na miswada hiyo imeandikwa kwa hati za Kiarabu. Basi kijana anayetaka kuiweka mtandaoni kama ilivyo hana budi kukiambia kivinjari kwamba maandishi yaanzia kulia. Alama ya kufanya hivyo imo katika HTML. Herufi za ziada, kama pe yenye nukta tatu chini na ve yenye nukta tatu juu, zimo katika hazina ya Unicode. Iko pia alama ya kuutangaza ukurasa kuwa ni wa Kiswahili, kwa herufi mbili tu, s na w, ili programu za kusomea vipofu zisiyatamke maneno yetu Kizungu. Mambo haya yamo bure, lakini mara nyingi hayamo katika vielezo tayari vinavyouzwa, kwani waliovitengeneza walikuwa wakifikiria duka la viatu la Chicago, wala hawakumfikiria mjukuu wa malenga wa Pate.

Je, twasema vyombo tayari ni haramu? La. Mwenye nyumba ya wageni Shela anayetaka wageni waone vyumba na nambari ya simu, na msimu wenyewe umekaribia, na achukue chombo tayari, alipe kodi yake ya mwezi, aendelee na kazi. Lakini ajue kuwa amepanga. Katika nyingi ya nyumba hizo, siku utakapohama utatoka na maneno na picha zako tu. Nyumba yenyewe haihamishiki. Na mwenye jengo aweza kulifunga. GeoCities ilianza mwaka 1994 ikawagawia watu viwanja vya bure, Yahoo ikainunua mwaka 1999, na mwaka 2009 ikaifunga huko Marekani. Kurasa kwa mamilioni zilifutwa, na zilizosalia zilisalia kwa jitihada za watu waliojitolea kuzinakili mbio mbio. Aliyekuwa na faili zake nyumbani alihamia kwengine. Aliyeandikia mle mle, na hakunakiliwa, akapoteza.

Kwa mwenye diwani, au mwenye madrasa, au mwenye kumbukumbu za ukoo, sisi twapendelea WordPress pale HTML ya mkono itakapomlemea. Ni programu ya bure iliyoanza mwaka 2003. Waweza kuiweka kwenye seva uliyoilipia mwenyewe, na kuihamisha pamoja na kila kitu chake. Ina hata kipande mahsusi cha kuandikia mashairi, kinachohifadhi mikato ya mistari. Lakini angalieni: asiyejua kwa nini mishororo yake imevunjika hatajua atafute nini. Hivyo hivyo kwa hizi programu za akili unde, zinazokuandikia ukurasa mzima kwa kuagizwa. Hukuandikia kweli, na upesi. Ila ukurasa ukienda kombo, asiyesoma alama amekaa mbele yake kama yule mtoto wa kukariri.

Liko pia suala la uzito. Vielezo vingi vya kuvutia hubeba picha kubwa na mapambo yanayokula bando la msomaji. Mashairi ishirini yaliyopangwa kwa HTML nyepesi hayafiki uzito wa picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa. Msomaji wetu wa Faza au Vanga hulipia kila anachofungua. Tumhurumie.

Tungependa basi maktaba za kaunti, na madrasa zilizo na kompyuta mbili tatu zinazokaa bure baada ya alasiri, ziwatengee vijana saa mbili kwa wiki za kazi hii, wavulana na wasichana. Wasianze kwa tovuti ya biashara ya kubuni. Kila mmoja aje na shairi moja la mzee wake, kwa ridhaa ya wenyewe, aliandike kwa alama, alivishe, alisome kwenye kompyuta na kwenye simu, na mwalimu wa mashairi akae ubavuni mwa mwalimu wa kompyuta kuangalia kama kina kimekaa mahali pake.

Na ikifika siku ya kununua anwani, hizi zinazoishia kwa nukta ke, ambazo husimamiwa na KeNIC na kuuzwa na mawakala, isajiliwe kwa jina la mwenye diwani au la mrithi wake, na neno la siri liandikwe likae naye kashani pamoja na miswada. Isisajiliwe kwa jina la fundi, hata akiwa mpwa wako.